Fimbo ya Yuda

Wiki hii nawaomba tusome pamoja sura ya 38 ya kitabu cha Mwanzo. Wahubiri wengi huiruka. Tukishamwona Yusufu akiuzwa katika sura ya 37, tunakimbilia nyumba ya Potifa katika ya 39, na habari ya Yuda na Tamari tunaizunguka kama watu wanaokwepa dimbwi njiani. Nami nimeikwepa miaka mingi. Aliyenirudisha humo ni binti mmoja wa usharika wetu hapa Mbozi.

Jina lake silitaji. Alikuwa akiimba sauti ya kwanza katika kwaya ya vijana. Mwaka juzi alipata mimba akiwa kidato cha tatu. Baraza la wazee likakaa, mwenyekiti nikiwa mimi, tukafanya kama tulivyozoea: tukamtenga na meza ya Bwana, akaondolewa kwaya, na jina lake likasomwa kanisani baada ya matangazo. Nililisoma mimi. Tangu siku hiyo mpaka anajifungua aliketi benchi la mwisho, karibu na mlango, na ibada ikiisha alikuwa wa kwanza kutoka ili asisalimiane na mtu.

Mwaka huu nilikuwa natafuta tarehe ya ubatizo katika daftari la usharika nikaufikia ukurasa wa waliotengwa. Kwa kosa hilo, tangu nifike hapa, yameandikwa majina kumi na moja. Nilipitisha kidole kutoka la kwanza hadi la mwisho. Yote ni ya wasichana. Nikarudia kusoma, nikidhani nimeruka mstari. Sikuwa nimeruka. Watoto kumi na mmoja walizaliwa katika usharika huu, na daftari letu linasema walizaliwa na mama tu.

Nikamwendea yule binti nyumbani kwao. Amerudi shule, mtoto analelewa na bibi yake. Nilimwomba msamaha mbele ya mama yake. Alinisikiliza hadi mwisho, macho yako chini, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mchungaji, siku ile nilikuwa nangoja mniulize ni nani. Hakuna aliyeuliza."

Sasa mnaelewa kwa nini Tamari hanitoki kichwani.

Tamari alikuwa mjane wa wana wawili wa Yuda, mmoja baada ya mwingine. Kwa desturi ya wakati ule alistahili kupewa Shela, mdogo wao. Yuda akamwambia arudi kwa baba yake angoje kijana akue. Kijana akakua, Tamari akaendelea kungoja. Yuda akafiwa na mkewe, na msiba ulipokwisha akapanda kwenda Timna kwa wakata manyoya ya kondoo wake. Njiani akamwona mwanamke aliyejifunika uso, hakujua kuwa ni mkwewe. Akaahidi kumletea mwana-mbuzi, na kwa kuwa hakuwa naye pale, akaacha rehani: muhuri wake, kamba yake na fimbo yake. Miezi mitatu baadaye akaletewa habari kwamba Tamari ana mimba. Jibu la Yuda lilitoka papo hapo: atolewe nje, achomwe moto.

Someni polepole hapo. Hakuitisha kikao. Hakumwita binti amsikilize. Hakuuliza ni nani. Na mtu huyohuyo aliyetoa hukumu ndiye aliyekuwa mwenye mimba.

Tamari hakupiga kelele wala hakumtaja hadharani. Wakati anatolewa alituma vile vitu vitatu kwa Yuda, na ujumbe kwamba mwenye mali hii ndiye mwenye mtoto, atazame, atambue. Wanaosoma Kiebrania hutuonyesha kwamba ombi hilo la kutambua ni lilelile ambalo Yuda na ndugu zake walimtamkia Yakobo walipompelekea kanzu ya Yusufu iliyotiwa damu. Yuda aliyemdanganya baba yake kwa kitu cha kutambua, sasa ananyoshewa kitu chake mwenyewe akitambue. Angeweza kukana. Alikuwa mzee wa ukoo, nani angemuuliza? Akasema mbele ya watu wote kwamba vitu ni vyake, na kwamba Tamari ana haki kuliko yeye.

Najua Tamari hakuwa mwanafunzi. Alikuwa mtu mzima na alijua anachokifanya, na siwezi kumlinganisha na mtoto wa miaka kumi na sita anayedanganywa kwa simu na chipsi mayai. Lakini moto ule naufahamu. Tumeuwasha humu kanisani mara kumi na moja, na fimbo hatukuitafuta hata mara moja.

Tuseme pia yaliyopimwa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika kila wasichana 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19, wasichana 22 walikuwa wameshapata mimba. Utafiti wa 2015 na 2016 ulikuwa umekuta 27, kwa hiyo nchi imesogea. Katika ule wa 2022, mkoa wetu wa Songwe ulikuwa na 45, wa kwanza Tanzania nzima. Karibu nusu. Kila mmoja wetu akikumbuka mabinti anaowafahamu, hatashangaa. Kahawa inachumwa katikati ya mwaka, na pesa zinaingia mikononi mwa vijana kwa mkupuo. Barabara kuu ya Zambia inapita katikati yetu, malori yanapanga foleni Tunduma kusubiri kuvuka. Shule ya kata iko mbali, hivyo binti anatembea saa nzima au zaidi, au anapangishiwa geto karibu na shule, anajipikia na kujilinda mwenyewe akiwa na miaka kumi na tano. Na asubuhi ya mvua, anayesimama kumbeba ni kijana wa bodaboda.

Hao vijana wa bodaboda ndio ninaotaka kuwaambia habari zao.

Tumeanza kukaa nao Jumamosi saa kumi jioni, chini ya mparachichi nyuma ya kanisa. Wazee wanne wa kanisa wamekubali kuwa walezi. Wanaokuja si wote waumini wetu. Wapo Waislamu wawili, na wengine hawana habari na dini yoyote. Mwanzoni walidhani tumewaita kuwaonya. Mmoja aliniamkia shikamoo na bila kungoja marahaba akasema, "Mchungaji, kama ni ile ya msiguse wanafunzi, tumeshaisikia kwa mtendaji." Alikuwa sahihi. Wameisikia kwa mtendaji, kwa polisi, kwa mwalimu mkuu, na kwetu mimbarani. Jambo ambalo hawajawahi kulisikia popote ni mwanaume mtu mzima akikaa nao kwenye benchi na kuwaeleza baba ni mtu wa namna gani.

Jumamosi ya tatu tulizungumza hesabu. Anayeendesha pikipiki ya mkataba analijua neno hilo kuliko sisi wote: kila jioni unapeleka kwa tajiri kiasi mlichokubaliana, iwe mvua iwe jua, na mkataba ukiisha chombo kinakuwa chako. Mzee mmoja aliyekuwa karani wa chama cha ushirika alileta karatasi kubwa akawaomba wapange hesabu ya mtoto. Wakaanza kwa kucheka. Wakaandika beseni, khanga, glovu, mpira wa kutandikia, maana huduma ya mjamzito ni bure katika vituo vya serikali lakini kila aliyempeleka mke kujifungua anajua alichobeba. Wakaandika sabuni, maziwa, nguo, nauli ya kliniki. Wakafika sare ya darasa la kwanza. Mmoja akauliza kama waendelee hadi sekondari. Kicheko kilikuwa kimekwisha zamani.

Ndipo kijana mmoja, wa miaka kama kumi na tisa, akasema neno ambalo sijalisahau: "Pikipiki nikikosa hesabu siku tatu, tajiri anakuja kuichukua. Mtoto nikikosa hesabu, nani anakuja kumchukua?"

Hakuna aliyejibu. Kila aliyekuwepo alimjua anayekuja kumchukua. Ni bibi. Kina mama wa miaka hamsini na sitini katika kata hii wamerudi kuamka usiku kukoroga uji wa watoto ambao baba zao wako Tunduma, au wamevuka Nakonde, au wamekwenda machimboni Chunya, na hawajatuma hata salamu.

Muuguzi wa zahanati amekuja mara mbili. Nilikaa pembeni nikasikia maswali yao na nikaona haya kwa niaba yetu sote. Vijana wenye ndevu wanaamini msichana hawezi kupata mimba mara ya kwanza. Wengine hawajui siku za hatari ni zipi, wala kwamba zinaweza kuhama. Muuguzi hakuwacheka. Aliwaeleza pia jambo ambalo mimi sikuwa nimewahi kulisikia likielezwa kwa wanaume: mwili wa binti ambao haujakomaa ukishindwa kupitisha mtoto, kichwa kinakandamiza nyama iliyo kati ya njia ya uzazi na kibofu kwa muda mrefu, hata siku mbili, mpaka nyama inakufa na kuacha tundu. Mtoto mara nyingi anapotea. Mama anabaki akivuja mkojo bila kujizuia, na watu wanamkimbia kwa harufu. Hiyo ndiyo fistula. Inatibika kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT Dar es Salaam inawafanyia wanawake hao bila malipo, lakini ni lazima kwanza mtu ajue, na amfikishe. Mmoja wa vijana alisimama akaenda kusimama kwenye pikipiki yake, mgongo ametupa. Baadaye aliniambia habari ya dada yake.

Mtaniuliza kuhusu kondomu, maana wazee wawili wameshaniuliza. Kanisa linafundisha kungoja ndoa, nami nafundisha hivyo kwa moyo wangu wote, na naamini kijana anaweza. Lakini muuguzi anapoulizwa swali la afya simzibi mdomo. Kijana ambaye hatasikia ukweli kwa muuguzi ataufuata mahali ambapo hapana ukweli.

Sheria nayo tumeisoma, na hapa nataka niseme wazi bila kuzunguka. Binti aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kulala naye ni kosa la jinai, na Sheria ya Elimu kama ilivyorekebishwa mwaka 2016 inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Hata ndoa si njia ya kujificha: Mahakama Kuu mwaka 2016, na baadaye Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18 vinakiuka Katiba. Kuna wazazi kati yetu ambao wamepokea ng'ombe wawili na faini, wakamalizana nyumbani, kisha wakamfundisha binti asimtambue mtu polisi. Wazazi hao nao wanakuja Meza ya Bwana. Walezi wetu tumewakataza kabisa kushika shauri la namna hiyo. Likija, linakwenda kwa afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto, hata kama aliyetajwa ni mtoto wa mzee wa kanisa. Yule binti wa kwaya alinitajia mtu, na jambo hilo sasa liko huko. Sitasema zaidi.

Hofu ya jela nimeiona ikifanya kazi moja tu kwa kijana asiyekuwa na mlezi: inamfundisha kukimbia. Simaanishi adhabu iondolewe. Kuna mwalimu na mfanyabiashara wa miaka arobaini ambao ningependa waiogope zaidi. Lakini hofu haijamlea mtu akawa baba. Hata kijana wa miaka ishirini aliye na mwenzake wa ishirini, ambao hawamo katika kosa la sheria, mimba ikitokea anakimbia vilevile, kwa kuwa kukimbia ndiko alikoona. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamdai baba matunzo ya mtoto wake, awe ameoa au hajaoa, na mahakama inaweza kuamuru kipimo cha vinasaba akikana. Vizuri. Lakini kipimo kitaleta jina kwenye karatasi. Nani atamfundisha kijana kumshika mtoto mchanga shingo?

Hilo tumeanza kulifundisha, na nawaambia ndiyo Jumamosi waliyoipenda kuliko zote. Mlezi mmoja alikuja na mjukuu wa miezi minne. Wanaume wale, ambao wanapakia magunia ya mahindi na mkaa kwenye pikipiki moja, waliogopa kumbeba. Wakafundishana. Watatu kati yao ni baba tayari, na mmoja wao hajawahi kumbeba wake, kwa kuwa upande wa mwanamke walimfukuza na yeye akaona heri. Tulikaa naye baadaye. Ameamua kwenda kujitambulisha na mjomba wake, bila sharti la kuoana, kukubali tu kwamba mtoto ni wake na kuuliza anapeleka nini na kila lini. Kliniki zetu huwaomba wajawazito waje na wenza wao katika hudhurio la kwanza. Asiye na mwenza hupita kwa mwenyekiti wa kitongoji kuomba barua ya kueleza kwa nini yuko peke yake. Kijana huyu hakujua kwamba mama wa mtoto wake alibeba barua kama hiyo. Nilipomwambia aliinamisha kichwa muda mrefu.

Kijiweni kwao wamejiwekea utaratibu wao, sisi hatukuwatungia. Mwanafunzi akibebwa anashushwa langoni mwa shule au mlangoni kwao. Namba yake ya simu haichukuliwi. Asiye na nauli anabebwa bure au anaachwa, lakini lifti haigeuzwi deni. Anayevunja haegeshi tena pale. Nimeambiwa mmoja ameshafukuzwa.

Majirani zetu Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa zamani na vijiji vya rika: wavulana wa umri mmoja waliondoka nyumbani wakajenga vibanda vyao, wakalala pamoja, wakakua pamoja, na ulipofika wakati wake kizazi cha baba zao kikawakabidhi nchi kwa sherehe. Na Wamoravian, ambao wamisionari wao walifika nyanda hizi mwishoni mwa karne ya 19, kule kwao Herrnhut katika karne ya 18 waliwaweka vijana wa kiume wasiooa katika kundi lao na nyumba yao, wakiwa na walezi wa roho. Nayatafakari haya kila nikipita kijiweni. Kile nacho ni kijiji cha rika. Vijana wamekijenga wenyewe, wana viongozi wao, wanachangiana msiba na harusi. Waliokosekana ni wazee. Hatukufukuzwa, tulipita na magari yetu tukiwaita wahuni.

Yuda pia hakuishia kwenye fimbo. Miaka ikapita, njaa ikaingia Kanaani, na Yakobo akakataa kumwachia Benyamini aende Misri. Aliyesimama ni Yuda, yule aliyetoa shauri la kumuuza Yusufu. Akamwambia baba yake kwamba atakuwa dhamana ya kijana, adaiwe yeye. Na kikombe cha mtawala wa Misri kilipokutwa katika gunia la Benyamini, Yuda akaomba abaki mtumwa ili mdogo wake arudi nyumbani. Neno la Kiebrania la rehani aliyoiacha kwa Tamari na lile la dhamana aliyojiwekea kwa Benyamini yanatoka katika shina moja. Mara ya kwanza aliacha muhuri na fimbo, akaenda zake. Mara ya pili alijiweka mwenyewe. Katikati ya hizo mbili ipo siku aliyosimama mbele ya watu akasema vitu hivi ni vyangu. Sioni njia nyingine aliyopita.

Kwa hiyo sikuweza kuendelea kukaa chini ya ule mparachichi nikiwafundisha vijana kukiri, hali sisi wazee tuna daftari lenye majina kumi na moja. Jumapili iliyopita, kwa idhini ya binti na mama yake, niliwaeleza washarika tulichokifanya. Sikumtaja. Baraza limekubali kwamba hakuna binti atakayesomwa tena kanisani, na walioko benchi la nyuma warudi mahali pao. Baadhi yenu mmenuna, mmenipigia simu, na nimewasikiliza. Yule binti bado hajarudi kwaya. Amesema atafikiri.

Jumamosi yake tulipokutana, mlezi mmoja, mwenye miaka sitini na mitatu, alinyamaza kipindi chote. Watu walipoanza kunyanyuka aliwaomba wakae. Akawaambia wale vijana kwamba akiwa na umri wao alikuwa kibarua wa barabara, na kwamba kuna mwanamke alimwacha na mimba karibu na Makongolosi, Chunya. Alisikia amezaa mtoto wa kike. Hakurudi. Mkewe hajui, wanawe hawajui. Aliongea akiitazama fimbo yake, akiizungusha mikononi, na hakuna kijana aliyecheka wala aliyetoa simu. Yule wa miaka kumi na tisa ndiye aliyeuliza: "Mzee, sasa atakuwa na miaka mingapi?" Akahesabu kwa vidole. Arobaini na moja.

Leo asubuhi nimepita kwake. Mke wake alikuwa uani anaanika mahindi, macho yake mekundu, na alinikaribisha kiti bila kusema mengi. Mzee ameondoka na Coaster ya alfajiri. Amevaa koti lake la kanisani.